Jina la Klaudia Kwenye Kanda

Mara ya kwanza Klaudia kusikia kwamba amekufa, alikuwa ameinamia cherehani barazani kwake Nshamba, akipinda gauni la kipaimara. Ilikuwa Januari ya mwaka tisini na nane. Zile mvua zilizogoma kukoma tangu Oktoba zilikuwa zimepumzika, jua limetoka, na watu nao wametoka. Ng'ambo ya barabara, duka la sabuni na betri lilikuwa limefungulia redio kaseti kwa sauti ya juu, na watu kama kumi na watano walikuwa wamesimama mbele yake bila kununua kitu.

Alijua wanasikiliza nini. Nshamba nzima ilijua kwamba kanda hiyo inakuja. Juu ya jalada iliandikwa Mushu Dee: Zilizotamba, chini yake picha ya kijana aliyegeuza kofia, mikono ameikunja kifuani, jicho moja dogo kuliko jingine. Mushu Dee ndiye Damian Mushumbusi, mtoto wa hapohapo. Mwaka tisini na moja aliondoka kwenda Dar es Salaam, akarekodi kanda mbili za muziki ambao wazee waliuita wa kufoka, akasikika redioni, watu wakajivunia. Mwaka tisini na sita akarudi Bukoba, suruali imemkaa kama imeazimwa. Mwaka uliofuata akafa nyumbani kwa shangazi yake, Rwamishenye. Hakuna aliyetaja alichougua. Zamani, ugonjwa ulipoanza kuingia Kagera, watu waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyovushwa mpakani baada ya vita na Uganda. Sasa hata jina hilo lilikuwa halitamkwi tena. Mtu aliugua, kisha watu walikwenda kuzika.

Aliyetoa kanda hiyo ni Yashwant Laxmidas, mwenye duka la redio pale Bukoba mjini. Alizikusanya nyimbo za Damian zilizopendwa, kumi na moja, akaongeza ya kumi na mbili ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Zile kumi na moja watu walizijua kwa moyo. Kulikuwa na wimbo wa lori la kahawa lililokwama Kyaka, wimbo wa msichana aliyerudisha barua bila kuifungua, na wimbo wa senene, ule ambao hata watoto wa shule walifoka njiani wakikimbia. Damian hakuwa na sauti nzuri. Ilikwaruza kama mtu aliyeamka sasa hivi. Lakini hakukificha Kihaya chake. Wengine waliokwenda Dar walirudi wakiongea kama waliozaliwa Kariakoo, yeye aliingia studio na ulimi wa Nshamba, akauacha ulivyo. Mtu wa Muleba aliyemsikia akitoka kwenye mashine aliona kama ndugu yake amepanda jukwaani.

Hata hivyo, kilichowafanya watu wasimame juani siku ile hakikuwa lori wala senene. Ulikuwa ule wimbo wa kumi na mbili, na jina lake ni "Daftari."

Ulianza na ngoma peke yake, ya taratibu. Kisha sauti ya Damian, dhaifu kuliko ilivyokuwa katika nyimbo za mwanzo:

*Mwalimu kafungua daftari, kalamu sikioni,*
*mvua bati inapiga, tuko kimya darasani.*
*Niite nani kwanza, kati ya wale wa zamani?*
*Nikiita uitike, hata kama uko chini.*

Halafu akaanza kuita majina. Aliita kama waitavyo walimu, bila haraka na bila kuremba. "Rugambwa!" Ngoma ikapiga mara nne, hakuna sauti. "Kokwijuka!" Ngoma mara nne. Walikuwa wanafunzi wa kweli, wa darasa la pili la mwaka sabini na nane, na wote walikuwa wamekufa, na wote kule Nshamba walikuwa na mama, au mume, au watoto waliobaki.

Ndiyo maana wimbo ule uliuza kanda. Majina hayo hayakuwa yakitamkwa. Ukimzika mtu wa ugonjwa ule, ulilizika na jina. Sasa jina lilitoka dukani mchana kweupe, na baada ya jina kulikuwa na nafasi. Kwenye vilabu vya pombe vijana waliijaza ile nafasi kwa kelele, wakaitika wote, "Hayupo!" Majumbani watu walikaa kimya mpaka ngoma ya nne ipite. Walinunua hata wasiokuwa na redio. Walikwenda na kanda kwa jirani mwenye redio, wakaomba wapigiwe wimbo wa mwisho tu, wakasikiliza jina la mtu wao, wakashukuru, wakaichukua kanda yao na kwenda.

Klaudia alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Rugambwa alimkumbuka, alikuwa na kovu la moto shingoni. Ubeti wa pili ukaita vijana wa Bukoba mjini asiowajua. Ubeti wa tatu ulikuwa na majina mawili tu. Ngoma ilipungua, Damian akavuta pumzi, ikasikika.

"Klaudia."

Hakuliita kama mwalimu. Alilisema polepole, na nafasi iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko zote. Klaudia alihesabu mapigo manane. Kisha, "Na mwalimu mwenyewe je? Mwalimu Kagaruki!" Ngoma, na kanda ikaisha.

Wale watu kumi na watano waligeuka wote kutazama barazani kwake.

*

Mwanzoni alicheka. Akawaambia wateja, "Mnaona marehemu anavyoshona?" Nao walicheka, lakini kicheko chao kilikoma kabla ya chake.

Wiki ya pili alikuja msichana aliyetumwa kutoka kijiji cha mbali kuchukua kitambaa cha bosi wake ambacho hakijashonwa. Alipomwona Klaudia alirudi nyuma hatua mbili. "Tuliambiwa fundi amefariki," alisema. Huyo angalau hakujua. Waliojua walikuwa wabaya zaidi. Walimkumbuka Klaudia na Damian walipokuwa na miaka ishirini, walivyokuwa hawaachani, na walijua kwamba walikuwa wapenzi. Wakaanza kusema kwamba mtu akikaribia kufa huona mbele. Damian hakukosea, walisema, amemwita mapema tu, kwa sababu alikijua alichomwachia.

Wateja wakaacha kupimwa. Walileta gauni la zamani wakasema, "Pimia hili." Hawakutaka utepe wake uwaguse viuno.

Klaudia alikuwa akilea watoto wawili wa marehemu dada yake, Ephrasia. Siku moja yule wa kike, Koku, alirudi shuleni akamwuliza, "Mama mdogo, wewe ukifa utaenda pale alipo mama, au utachimbiwa kwako?" Aliuliza akimenya ndizi, kama anayeuliza habari za kesho.

Kesho yake Klaudia alikwenda hospitali ya misheni, akatolewa damu, akasubiri majuma mawili. Aliambiwa hana. Alipewa karatasi yenye mhuri. Aliporudi alimwonyesha mwenye duka la ng'ambo, akawaonyesha akina mama wa kwaya. Wakaisoma, wakaikunja vizuri, wakamrudishia. "Tumshukuru Mungu," walisema. Jumapili iliyofuata benchi lake kanisani lilikuwa na nafasi kila upande kama juzi. Karatasi haikuwa na sauti. Kanda ilikuwa nayo, na ilipigwa kila siku.

Lakini kilichomnyima amani zaidi hakikuwa watu. Ilikuwa ile pumzi aliyoivuta kabla ya jina. Alimjua Damian. Hakuwa mtu wa kumwita aliye hai kati ya wafu kwa mzaha. Alipolisema jina lile aliamini. Nani alimwambia?

Na kulikuwa na jambo jingine, alilolitambua siku moja akichota maji, akaiacha ndoo ikafurika. Ephrasia naye alisoma darasa lile. Alikuwa amerudia darasa, wakakaa dawati moja, dada na mdogo wake. Ephrasia alikufa mwaka tisini na nne, Damian angali Dar. Kwenye Daftari, Ephrasia hakuitwa.

*

Mama yao, Anatolia, alikuwa kwenye kibanja akikata majani makavu ya migomba. Kaburi la Ephrasia lilikuwa hapohapo karibu, limesakafiwa kwa saruji, halina msalaba wala jina, maana fedha ziliishia kwenye saruji.

"Mama," Klaudia alisema, "Damian alifika hapa?"

Mama hakuacha kukata. Alikata jani, akalilaza chini, akakata la pili. "Alifika."

"Lini?"

"Aliporudi. Mwaka ule kabla hajafa. Wewe ulikuwa umekwenda Muleba kununua nyuzi." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Alikuja kwa miguu kutoka barabarani. Alisimama pale kwenye mbuni, amejishika kwenye tawi. Nilimwona mifupa ya uso, nikajua. Akaniambia, shikamoo mama, namuulizia Klaudia."

"Ukamwambia nimekufa."

"Nilimwonyesha kaburi. Sikusema kitu. Nilinyoosha mkono tu."

Klaudia alikaa chini pale alipokuwa, kwenye majani.

"Nilikuwa nimemwuguza Ephrasia miezi kumi na moja," mama alisema. "Nilimgeuza kitandani mpaka mgongo wangu ukakataa. Wewe ninakujua. Angekuomba maji, ungempa. Angekuomba umfuate Rwamishenye, ungefunga mzigo jioni ileile. Mimi nilibaki na wewe tu. Unanisikia? Tu."

"Akafanya nini?"

Mama alitazama kaburi.

"Aliketi pale, upande wa miguu. Nilikwenda jikoni, sikuweza kumtazama. Nikamsikia anakuita. Mara tatu. Si kwa kulia. Kama mwalimu anavyoita. Akiita ananyamaza, anasikiliza. Kisha anaita tena." Akahamisha kisu mkono wa pili. "Tangu ile kanda ije, Klaudia, nikiwa jikoni peke yangu namsikia vilevile. Redio haipo, na namsikia."

Klaudia alitaka kumpigia kelele, maneno yakamjaa kinywani. Lakini alimwona mama yake alivyosimama na kisu mkononi kati ya binti aliye chini ya saruji na binti aliye juu ya majani, na hakujua amkasirikie kwa ajili ya nani kati yao. Aliinuka akaenda nyumbani kuwapikia watoto. Siku tatu hawakusemezana. Siku ya nne alisimamisha pikapu ya Bukoba.

*

Duka la Laxmidas lilikuwa kwenye barabara ya sokoni, jengo la zamani lenye mwaka wa 1936 juu ya mlango. Zamani mtaa ule ulikuwa wa maduka ya Wahindi mwanzo mpaka mwisho. Wengi waliondoka majengo yalipotaifishwa, wengine waliondoka wakati wa vita mizinga ilipokuwa ikisikika kutoka Kyaka, wakasalia wachache kama meno ya mzee. Yashwant alikuwa ameketi nyuma ya meza ya kioo akifungua redio kwa bisibisi. Alikuwa mtu wa makamo, mweupe wa nywele kabla ya wakati. Alimwamkia kwa Kihaya safi kuliko cha watoto wa siku hizi.

"Karibu, waitu. Redio inasumbua?"

"Kanda," Klaudia alisema. "Ile ya Mushu Dee. Kuna mtu ameitwa hajafa."

Yashwant aliweka bisibisi chini. "Nani?"

"Mimi."

Alimtazama. Rangi ilimtoka usoni polepole, akashika ukingo wa meza. "Klaudia," alisema, akiwa kama mtu anayesoma neno lililofutika. Kisha akageuka akaita nyuma, "Lalita! Leta kiti. Leta na chai." Mkewe alitokea na kiti, akaona hali ya mumewe, akarudi kuleta chai bila kuuliza.

Klaudia alimweleza yote: mama, kaburi, hospitali, utepe wa kupimia. Yashwant alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Nilimrekodi mwenyewe," alisema hatimaye. "Rwamishenye, chumba cha mbele kwa shangazi yake. Alasiri tatu. Nilibeba mashine kwenye baiskeli. Akikohoa tunasimama, nikifika hapa nakata kikohozi. Zile nyimbo nyingine nilitaka ziwe ukumbusho tu, biashara kidogo. Huu alinililia. Alisema, Yashwant, watu wetu wamezikwa kimyakimya kama wezi. Mimi nitawaita kwa sauti." Akamsogezea kikombe. "Kwenye jina lako nilimwambia nafasi ni ndefu mno, kanda itaisha. Akasema iache. Akaniambia ulipokuwa mdogo ulikuwa unachelewa shule, na yeye alikuwa anakuitikia ukiitwa, mpaka siku moja mwalimu akamgundua akamchapa. Akasema, huyu ndiye mtu pekee niliyewahi kumwitikia. Acha nimsubiri kidogo."

Klaudia aliinamia kikombe. Ile fimbo aliikumbuka. Alikuwa ameingia mlangoni, miguu imejaa umande, akamkuta Damian amenyoosha mkono mbele ya darasa.

"Nikuombe radhi vipi?" Yashwant aliuliza. "Ningetuma mtu Nshamba kuuliza. Sikuuliza jina hata moja. Niliogopa kuuliza." Akaonyesha picha iliyotundikwa juu ya rafu, kijana mwenye shada la maua ya plastiki. "Ubeti wa pili, jina la tano. Umedbhai. Mdogo wangu. Yeye ndiye aliyempa Damian kanda ya kwanza ya kufoka, walikuwa wanasikiliza hapa chini ya hii meza. Alikufa tisini na nne. Nyumbani tunasema malaria. Mama yetu mpaka leo anasema malaria. Lakini alasiri, mteja asipokuwapo, naweka wimbo huu, nasikia mtu mwingine akimwita. Nani mwingine atamwita?"

Lalita alikuwa amesimama kwenye pazia. Alitazama sakafu.

"Naweza kukufuta," Yashwant alisema. "Kanda mama ninayo hapa. Nakata jina, naunganisha, kanda zote zitakazonakiliwa kuanzia leo hutakuwemo. Zilizokwisha kwenda siwezi kuzirudisha."

Hilo ndilo alilolijia. Alilala akilipanga, akalisema njiani moyoni. Sasa lilipowekwa mezani, aliona jinsi litakavyokuwa: ngoma itapita moja kwa moja, na Damian atakuwa hakumwita, hakumsubiri. Na Ephrasia atabaki pale chini ya saruji, amechukuliwa hata kaburi.

"Nipigie kwanza," alisema.

Yashwant akampa vile vya kusikilizia masikioni. Humo ndani Damian alikuwa karibu mno. Klaudia alisikia mvua ya siku ile juu ya bati la Rwamishenye, alisikia mate yakimezwa. Ilikuwa kana kwamba amemwegemea. Jina likaja. Mapigo manane yalikuwa ni chumba kizima, chenye mtu ndani anayengoja.

Alivua vile vitu masikioni.

"Usinifute," alisema. "Unaweza kuniweka?"

Yashwant hakuelewa mara moja. Alipoelewa alifunga mlango wa duka saa tisa mchana, jambo ambalo Lalita alisema hajawahi kuliona tangu aolewe. Wakaunganisha maikrofoni. Walijaribu mara sita. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya tatu alilia. Mara ya sita, baada ya jina lake, ndani ya yale mapigo manane, Klaudia alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nipo, Damian. Aliyelala pale ni Ephrasia."

*

Kanda mpya zilipofika Nshamba, watu waliosimama mbele ya duka walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Wimbo ulipofika kwenye ubeti wa tatu na ile sauti ya mwanamke ikaitika, bibi mmoja aliangusha kapu. Waliojua sauti ile walitazama barazani, wakamwona Klaudia amekaa, anashona, mdomo amefunga, na sauti yake inatoka ng'ambo ya barabara. Yeye mwenyewe nywele zilimsimama.

Wateja walirudi, si wote, kidogokidogo. Mwanamke wa kwanza kukubali kuzungushiwa utepe kiunoni alifumba macho mpaka ukaondoka. Kanisani nafasi ya upande wa kushoto ilijazwa, ya kulia ikabaki.

Anatolia aliisikia kwa jirani. Klaudia hakuwapo. Aliambiwa tu kwamba mama alisikiliza amesimama, na jina la Ephrasia lilipotajwa aliitika, "Ee," kama mtu aliyeitwa yeye, akaondoka bila kuaga. Jioni ile alimkuta kwenye kibanja, amechota saruji mbichi kwenye karai, anaandika jina kaburini kwa msumari. Herufi zilipinda, maana hakusoma sana. Klaudia alichuchumaa akamshikia karai. Hawakuomba radhi wala kupeana. Waliandika wakamaliza. Mama alimwambia baadaye kwamba jikoni bado anasikia, ila siku hizi anayeita anaita tu, hataji jina.

Halafu, Aprili, ikaja barua kutoka Kagoma. Iliandikwa na mwinjilisti wa Kilutheri kwa niaba ya bibi aitwaye Theopista. Ilisema: mama wa marehemu au asiye marehemu Mwalimu Kagaruki anaomba mwanamke aliyeitika kwenye kanda afike kwake.

Klaudia aliisoma akapata baridi. Aliifahamu nafasi iliyofuata ya kwake. Mwalimu Kagaruki aliwafundisha mpaka Novemba ya mwaka sabini na nane, kisha akaondoka na mgambo kwenda vitani. Vita viliisha, waliobaki wakarudi wamebeba redio na saa za Kampala, yeye hakurudi. Hapakuja maiti wala barua. Na sasa, baada ya mwanamke wa kwenye kaburi kuitika, jina lililofuata lilikuwa lake.

Alikwenda akijua amefanya kosa, hajui alirekebishe vipi.

Bibi Theopista alikuwa mdogo wa umbo, amevaa gauni la Jumapili siku ya Jumatano. Sebuleni palikuwa na redio ya betri juu ya kitambaa cha kufumwa, na viti viwili vimeelekezwa kwake. Klaudia alipiga goti kumwamkia.

"Inuka, mwana wange. Ni wewe kweli uliyesema nipo?"

"Ni mimi, bibi."

"Ulikuwa umekufa?"

"Hapana, bibi. Sikuwahi kufa. Alidanganywa. Mimi niliitika dukani Bukoba, kwenye mashine, yeye amekwisha kufa. Si mwujiza. Nisamehe kama nilikufanya umtarajie."

Bibi alimwonyesha kiti. "Keti," alisema. "Umesoma kwake?"

"Darasa la pili."

"Siku ya mwisho ulikuwapo?"

"Nilikuwapo." Klaudia hakuwa amelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, lakini lilikuja lenyewe. "Alituita majina kama kawaida. Akafunga daftari, akampa mwalimu mkuu. Akatuambia tusiache bustani ya maharage iote magugu, atakuja kuikagua. Alikuwa amevaa viatu vipya vya turubai, vinamkaza. Alivivua akavifunga kamba akavitundika begani. Alitoka darasani miguu mitupu."

"Vilimkaza," bibi alisema. "Nilimwambia vinamkaza." Na kwa mara ya kwanza akatabasamu, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Sikiliza. Miaka kumi na tisa ndugu zake wananiambia tuzike mgomba mahali pake, kama wanavyofanyiwa waliopotea, tulie tumalize. Nikakataa. Nilisema, nani amemwona amekufa? Nikimzika, kisha akirudi akute kaburi lake, atanionaje? Nikaweka sahani yake. Ikaja hii kanda, nikamsikia anaitwa, haitiki. Nikasema, ni wimbo tu. Hakuna anayeitika humo. Ikaja ya pili, nikakusikia wewe."

Nje kuku walikuwa wakiparura kahawa iliyoanikwa, hakuna aliyewafukuza.

"Nikajua basi," alisema. "Aliye hai akiitwa, huitika. Hata ikichukua mwaka. Nimekaa hapa, nimeipiga na kuipiga tangu Kwaresima ianze. Wewe unaitika kila mara. Yeye hajaitika hata mara moja." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Sikukuita uniletee mwanangu. Nimesikia wewe ni fundi. Nataka umshonee sanda."

Waliupiga wimbo mara moja zaidi, kwa sababu bibi alitaka. Klaudia alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kile kitambaa cha kufumwa, ikamwogopesha kama ya mtu mwingine. Kisha jina la mwalimu, na ngoma. Bibi Theopista aliinamisha kichwa mpaka ya mwisho. Alinyoosha mkono akaizima redio yeye mwenyewe.

Klaudia alitoa utepe mfukoni. "Urefu, bibi? Alikuwa mrefu kiasi gani?"

Bibi aliondoka kitini, akaenda mlangoni. Alinyanyua mkono juu ya kichwa chake, akautafuta mahali pake hewani, akaushusha kidogo, akaupandisha tena. Aliposhika penyewe alitulia. Klaudia alipiga magoti, akakanyagia ncha ya utepe kwenye sakafu, akaupandisha polepole kandokando ya mwili wa yule mama, akampita bega, akampita kichwa, mpaka kwenye kiganja.

Mwalimu alizikwa Jumamosi, mgomba mchanga uliofungwa sanda nyeupe, mbele ya watu wengi.